Watoto wanajikuna usiku kucha: je, ni upele au ni choa?

Mama Neema, Goma
Wapendwa, nawasalimu. Watoto wangu wawili wanajikuna mno, hasa usiku, na vipele vimejaa katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono na kiunoni. Mdogo ana pia duara kichwani ambapo nywele zimekatika. Famasia moja ilinipa pomada ya mchanganyiko. Duara lilififia kisha likapanuka, na kujikuna hakukupungua. Je, huu ni ugonjwa mmoja?

Muuguzi, Katindo
Mama Neema, yaelekea ni magonjwa mawili. Vipele hivyo ni dalili za upele, unaoletwa na utitiri, mdudu asiyefikia hata nusu milimita, ambaye jike lake huchimba kijishimo kwenye tabaka la juu la ngozi na kutaga humo mayai 2 au 3 kwa siku. Ukimweka mtoto mwangani, huenda ukaona kwenye vidole mstari mfupi wa kijivu uliopindapinda. Anayeambukizwa mara ya kwanza huweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kuwashwa huku akiwaambukiza wengine. Kumtibu mtoto mmoja peke yake basi ni kupoteza fedha. Wote wanaolala nyumbani wapakwe dawa siku moja, wanaojikuna na wasiojikuna, kuanzia shingoni hadi nyayoni, bila kusahau chini ya kucha. Permethrini ya asilimia 5, dawa ya kupaka inayoua utitiri, hukaa mwilini saa 8 hadi 14 ndipo huoshwa, na hurudiwa baada ya wiki moja. Kama kuna mtoto mchanga au mjamzito, uliza kwanza kituo cha afya.

Duara ni choa, kazi ya kuvu. Kuvu ya kichwani huingia ndani ya unywele wenyewe, ambako pomada haifiki, kwa hiyo mtoto huandikiwa dawa ya kumeza, kama griseofulvini, kwa wiki kadhaa. Pomada nyingi za mchanganyiko zina kotikosteroidi, inayotuliza wekundu na muwasho huku kuvu ikienea chini kwa chini. Ningeiacha leo hii.

Baba Amani, Birere
Na mablanketi? Maji tunayabeba kwa bidoni. Kufua kila kitu hatuwezi.

Muuguzi, Katindo
Si lazima, Baba Amani. Utitiri aliyeachana na mwili hufa ndani ya siku 2 au 3. Fueni kwa maji ya moto shuka na nguo zilizovaliwa karibuni, yanayobaki myafunge kwenye mfuko wa plastiki kwa wiki nzima.

Mama Neema, Goma
Asante sana. Mkubwa ana vidonda vyenye usaha kwenye mikono.

Muuguzi, Katindo
Hapo bakteria, yaani stafilokoki au streptokoki, wameingia kupitia mikwaruzo ya kucha. Mpeleke kituo cha afya bila kungoja, kwa sababu streptokoki huweza baadaye kudhuru figo. Uso ukivimba au mkojo ukiwa na rangi ya chai, ni dharura. Muwasho wa upele wenyewe huweza kuendelea wiki 2 hadi 4 baada ya utitiri kufa, kwa hiyo msiongeze dawa kila siku mkidhani haijafanya kazi.