Mama mkwe anamkanda kichanga kila siku, nifanyeje?

MamaTunu: Wakuu, habari zenu. Nimejifungua mtoto wa kwanza, mama mkwe kaja kutoka Tanga kunilea uzazi. Asubuhi na jioni anamkanda mtoto kwa mafuta ya nazi, anamvuta mikono, anamnyoosha miguu, anambana pua ichongoke. Mtoto analia mpaka sauti inamkauka. Naomba kujua, nazi na alizeti, yapi bora kwa kichanga?

Kifimbo: Nazi. Pwani nzima tumekandwa na viungo viko imara.

BabaMapacha: Shemeji, shida si mafuta. Mumeo anasemaje? Wangu walikandwa na bibi yao Korogwe, mmoja akateguka bega, nyumba ikawa haikaliki.

BintiSaidi: Mheshimu mkweo. Wenzio wanalea uzazi peke yao, wewe umeletewa mtu unamleta mtandaoni.

Mkunga Mstaafu: Mwanangu, mtoto alizaliwa na uzito gani? Na hiyo ni nazi tupu?

MamaTunu: Ana wiki tatu. Mafuta anachanganya mwenyewe.

Mkunga Mstaafu: Nimeuliza uzito. Na anachanganya na nini?

MamaTunu: Ni njiti, alizaliwa wiki ya 32, gramu 1,700. Anatia kafuri kidogo ya kufungua kifua. Lakini huyu mama kalea wanawe wote wakiwa wazima! Kangaroo, ile ya kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, nilifundishwa, ila mgongo unaniuma, naye anasema joto la mafuta linatosha, basi tumeiacha kwanza. Mimi nimeuliza mafuta tu.

Mkunga Mstaafu: Rudisha kangaroo sasa hivi. Njiti hawezi kutunza joto, na ngozi yake nyembamba inapoteza maji na kuingiza vijidudu. Kafuri inapenya humo humo na inaweza kumletea degedege. Mafuta yenyewe si adui. Dhaka, Bangladesh, njiti waliopakwa alizeti safi hospitalini walipungukiwa maambukizi kwa asilimia 41, utafiti ulitoka 2005. Lakini walipakwa taratibu, hakuna aliyevutwa viungo.

Chumvi: Njiti wa wiki tatu yuko nyumbani? Mara nazi, mara alizeti… kesho tutaletewa namba ya kuagiza chupa. Uzi wa kutunga huu.

Kifimbo: Hata mimi nimeshtuka. Mwanzo kasema mtoto tu, njiti katokea wapi?

BabaMapacha: Wanaruhusu. Wangu mmoja alitoka hajafika kilo mbili, ilimradi ananyonya na uzito unapanda.

MamaTunu: Siuzi kitu jamani! Kafuri kapakwa leo asubuhi. Nimwogeshe?

Mkunga Mstaafu: Usimwogeshe, atapoa. Mpanguse kwa kitambaa laini na maji ya uvuguvugu, mkaushe, mweke kifuani ngozi kwa ngozi, mkaonane na daktari leo hii. Akilegea kunyonya au akianza kushtukashtuka, kimbieni. Mgongo ukichoka mpe mkweo ambebe kangaroo, bibi naye anaruhusiwa. Niandikie mkishatoka.