Naomba ushauri: kufuatilia wanaotumia methotrekseti, Newala na Tandahimba

Wakuu, naomba uzoefu wenu. Mgonjwa wa baridi yabisi inayotokana na kinga ya mwili kushambulia viungo anaanzishiwa methotrekseti (dawa ya kutuliza kinga hiyo) miligramu 7.5 hadi 15 MARA MOJA KWA WIKI, na foliki asidi (vitamini ya kupunguza madhara yake) miligramu 5 siku nyingine ya wiki. Picha kamili ya damu, ini na figo hupimwa kila wiki 2 hadi 4 kwa miezi 3 ya mwanzo, kisha kila wiki 8 hadi 12. Sasa msimu wa korosho ukianza, nani atashuka Mtwara mjini kutolewa damu?

Kinachonitisha zaidi ni bahasha ya dawa. Kidonge ni miligramu 2.5, hivyo "vidonge 4" bila kutaja siku husomeka vidonge 4 kila siku. Hapo vidonda vya mdomo vinatokea, seli nyeupe zinaporomoka, na mtu anaweza kufa. Tunaandika "JUMATATU TU" kwa kalamu nyekundu. Septrin (antibayotiki) nayo haifai kuchanganywa na dawa hii, kwani inaongeza sumu kwenye uboho, yaani sehemu ya ndani ya mfupa inayotengeneza damu. Kwa wenye VVU, ambao baadhi hupewa Septrin kama kinga, hili ni rahisi kulisahau.

(Mwaka 2022 huko Erlangen, Ujerumani, wagonjwa 5 wa lupasi (ugonjwa mwingine wa kinga kushambulia mwili) walitulia baada ya kupewa seli zao wenyewe za kinga zilizobadilishwa maabara. Hongera zao, sisi bado tunatafuta usafiri wa sampuli.)

Kwa mnaosafirisha sampuli: damu ikichukuliwa kituo cha afya Newala asubuhi, mnaifikishaje maabara bila kuharibika? Na majibu mabaya mnampigia mgonjwa au kituo?