Lua 5.4 au LuaJIT: ipi nipachike kwenye injini ya mchezo?

skripti_mpya: Wakuu, injini yetu ni ya C++ na wiki hii lazima tuchague lugha ya skripti. Zimebaki Lua 5.4 na LuaJIT 2.1, ile Lua yenye JIT. Ipi ina kasi?

rejista7: Kasi wapi, mkuu? Hujataja mchezo utaendeshwa kwenye nini. Kama iOS imo, sahau JIT, kompaila inayogeuza skripti kuwa msimbo wa mashine wakati inaendeshwa: mfumo hauruhusu programu ya kawaida kuzalisha msimbo wa mashine ikiwa inaendeshwa, kwa hiyo utabaki na intapreta, inayotekeleza skripti amri kwa amri. Ya LuaJIT imeandikwa kwa asembli na mara nyingi bado inaipita ya 5.4. Halafu, skripti ni zenu au za wachezaji?

pointa_tupu: LuaJIT, mjadala umefungwa. Ina FFI, njia ya kutumia msimbo wa C ndani ya Lua: unatangaza fankisheni za C ndani ya `ffi.cdef` na kuziita moja kwa moja, bila kuhangaika na steki ya Lua, ile ya kupitishia thamani kati ya Lua na C.

biti64: Haujafungwa. Namba zenu za utambulisho zina biti ngapi? LuaJIT inafuata Lua 5.1, ambako namba zote ni floti (namba za desimali) za biti 64, na intega hukaa salama hadi 2^53 tu. Soma 9007199254740993 kwa `tonumber` utapata 9007199254740992. Wachezaji wawili wenye namba zinazofuatana wanageuka mtu mmoja, na hakuna kosa linalotupwa. Ukichapisha unaona 9.007199254741e+15, unadhani tatizo ni la kuchapisha. Basi mtu anakimbilia `LL` ya FFI, alama ya intega za biti 64. Hesabu sasa ni sahihi, ila thamani hiyo ni kitu cha cdata, yaani data ya C iliyobebwa ndani ya Lua: ukiitumia kama ufunguo wa jedwali, inayolinganishwa ni anwani ya kitu, si thamani yake. Unahifadhi kwa `int64_t` moja, unatafuta kwa nyingine yenye thamani ileile, unarudishiwa `nil`. Dawa ni kuzibeba namba hizo kama maandishi tangu zinapoingia. Lua 5.3 na 5.4 zina intega halisi za biti 64, shida hii hamna.

pointa_tupu: Na intega hizo ndizo zilizoleta `10/2` kuwa `5.0`, na `string.format("%d", 3.5)` kutupa kosa. 5.1 ilikuwa imetulia. Mike Pall, mwandishi wa LuaJIT, alikuwa na haki kukataa kuburuzwa na kila toleo la Lua.

rejista7: Timu ya Rio, inayotengeneza Lua, nayo haikuwa na deni la kusimama ili JIT ya mtu iwahi. 5.2 iliondoa `setfenv`, ya kubadili jedwali la globali la fankisheni, ikaleta `_ENV`, na kwangu `_ENV` ni safi zaidi: jina la globali ni ufunguo tu wa jedwali.

sifuri_kwanza: Mnagombania `_ENV` wakati lugha inahesabu kuanzia 1?

biti64: Ukiwa na FFI unahesabu kwa namna zote mbili. Jedwali linaanza 1, `ffi.new("int[10]")` inaanza 0 na haikagui mipaka. Lupu ya 1 hadi 10 inaandika nje ya safu, na programu inaweza kuanguka mahali pengine kabisa.

skripti_mpya: Samahani, nilisahau: Windows na Linux tu. Wachezaji wataandika modi zao, yaani nyongeza za mchezo.

rejista7: Hilo ndilo lilipaswa kutangulia! Kwanza, modi isiguse FFI, maana inafikia memori yoyote. Pili, mlitaka kukata lupu zisizoisha kwa `debug.sethook`, inayoweka fankisheni (hook) za kuitwa skripti ikiendelea? Msimbo uliokwisha kukompailiwa na JIT hauiti hook hizo, isipokuwa mjenge LuaJIT kwa `LUAJIT_ENABLE_CHECKHOOK`, na hapo kuna gharama ya kasi. 5.4 inaziita bila masharti.

pointa_tupu: Au zima JIT kwa modi tu, `jit.off(f, true)`.

sifuri_kwanza: Mbona hakuna aliyetaja Luau? Imetokana na 5.1, ina aina za data za hiari, na Roblox, jukwaa la michezo, waliiunda wakijua skripti si za kuaminika.

biti64: Luau nayo namba zake ni floti. Turudi kwenye swali langu: biti ngapi?