Vitafunwa na malazi ya mbwa ya kutengeneza nyumbani: ni vipi vilivyo salama?

Muuliza swali, Arusha

Salaam kwenu nyote. Ninafuga mbwa wawili, mmoja dume la kienyeji ambaye bado ni kijana, na mwingine jike la German Shepherd aliyekwisha kuzeeka, ambaye asubuhi za baridi huinuka kwa taabu na kuburuta miguu ya nyuma mpaka mwili upate joto. Chakula chao cha kila siku ni ugali wa dona uliopikwa pamoja na dagaa na masalia ya nyama kutoka buchani, na afya yao kwa jumla ni nzuri.

Ninachotafuta sasa ni vitafunwa vidogo vya kuwapa ninapowafundisha kutii amri na ninapowakata kucha, kwa kuwa biskuti za mbwa zinazouzwa madukani ni ghali na zimejaa viambato nisivyovielewa. Sina oveni, nina jiko la mkaa na la gesi. Ningependa kujua mnatumia nini, mnakausha vipi na mnahifadhi kwa muda gani. Jirani yangu ananishauri niwape maini na mapafu mabichi kutoka machinjioni, akisema ndiyo yanayompa mbwa nguvu ya ulinzi. Je, ushauri huo ni sahihi? Pia, yule jike mzee ninataka kumshonea godoro, kwa hiyo mwenye ujuzi wa jambo hilo naye asisite kuchangia.

Mfugaji, Nakuru

Dada, karibu sana. Kitafunwa ambacho mbwa wangu hawajawahi kukikataa ni maini yaliyochemshwa kisha yakakaushwa. Chukua nusu kilo ya maini ya ng'ombe, yakate vipande vyembamba, uyachemshe kwa maji matupu kwa nusu saa, bila chumvi wala kiungo chochote. Yakipoa, yakate tena vipande vidogo vya ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, kwa maana mbwa anayefunzwa anahitaji kupewa mara nyingi, na huo ukubwa wa kipande haumshughulishi hata kidogo maadamu kina harufu.

Kuhusu oveni usiwe na wasiwasi. Tumia sufuria nzito yenye mfuniko wa bati, utandaze mchanga mkavu ndani yake kimo cha vidole viwili, uweke juu ya mchanga sahani ya bati yenye vipande vyako, kisha upalie makaa machache juu ya mfuniko na kuacha moto mdogo chini, kama tunavyooka mkate wa kumimina. Mfuniko uwe umeinuliwa kidogo upande mmoja ili mvuke utoke, la sivyo maini yatajipika kwa unyevu wake na hayatakauka. Yatakuwa tayari utakapokivunja kipande kikakatika badala ya kupinda. Yaliyokauka hivyo hukaa wiki moja kwenye friji ndani ya kopo lenye kifuniko cha kubana, na kwenye friza hukaa miezi miwili bila shida.

Maji yaliyochemshia maini usiyamwage. Mimi huyakanda na unga wa mtama na yai moja, nikasukuma, nikakata vipande vidogo na kuvioka kwa njia ileile mpaka vikauke kabisa. Viazi vitamu navyo vinafaa: vimenye, uvikate kwa urefu, uvichemshe kidogo, kisha uvikaushe mpaka viwe vya kutafunwa kwa muda. Huyo kijana wako atavipenda, kwa sababu mbwa wa umri huo anatafuta kitu cha kutafuna, na asipokipata atatafuta viatu. Omena, ambao kwenu ni dagaa, ni kitafunwa kilicho tayari, ila wasafishe kwa maji mengi mara kadhaa ili mchanga na chumvi vitoke, halafu uwakaushe upya.

Daktari wa mifugo, Morogoro

Ndugu muuliza swali, naomba nianze na maini mabichi, kwa kuwa hilo ndilo linalonitia hofu kuliko mengine yote uliyoyataja. Kuna mnyoo tegu mdogo sana uitwao Echinococcus granulosus, wenye urefu wa milimita chache tu, ambao huishi katika utumbo wa mbwa. Mabuu yake hukua ndani ya mifuko ya maji kwenye maini na mapafu ya kondoo, mbuzi, ng'ombe na ngamia. Mbwa akila kiungo kibichi chenye mfuko huo, baada ya wiki sita hivi huanza kutoa mayai ya mnyoo kwenye kinyesi, na mayai hayo hunata kwenye manyoya yake. Mtoto anayemkumbatia mbwa kisha akala bila kunawa mikono anaweza kuyameza, na mfuko wa maji ukakua ndani ya ini au pafu lake kwa miaka mingi bila yeye kujua, mpaka utakapokuwa mkubwa kiasi cha kuhitaji upasuaji. Turkana, kaskazini mwa Kenya, imekuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika zaidi duniani, na hapo karibu nawe, kwa wafugaji wa Ngorongoro, ugonjwa huu unajulikana vyema.

Kwa hiyo maini na mapafu yachemshwe, na ile nusu saa aliyoitaja mwenzetu wa Nakuru ndiyo muda unaotakiwa ili kuua mabuu. Mbwa ambaye amekwisha kula viungo vibichi apewe dawa ya praziquantel kwa kipimo cha daktari, na aendelee kupewa kwa ratiba, kwa sababu dawa huua minyoo iliyopo lakini haimkingi asiambukizwe tena.

Jambo la pili ni nafaka. Nimezoea kuona nyumba nyingi zikitenga mahindi yaliyoota ukungu kuwa "ya mbwa na kuku", na hili linaniumiza kila nilionapo. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu huo, haiondoki kwa kuchemsha wala kuoka, na hulishinda ini la mbwa upesi. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 nchini Kenya, wengi wao wakiwa wa Makueni na Kitui. Mbwa tunaowapa mahindi hayohayo hawana kinga ya pekee. Dalili zake ni kukataa chakula, kutapika, ulegevu na ufizi kugeuka manjano. Dona unayompikia mbwa iwe ni ile unayoweza kuila wewe, na karanga pia zichaguliwe moja moja kabla ya kusagwa.

Vitunguu maji na vitunguu swaumu, vibichi au vilivyopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, kwa hiyo mchuzi uliobaki na vile vibonge vya kuongeza ladha ya supu visiingie kwenye chakula chao. Zabibu huharibu figo, na ukwaju nao, ambao una asidi ileile ya tatariki inayoshukiwa katika zabibu, umekwisha kuhusishwa na mbwa kuugua figo. Usiwape hata kidogo. Makadamia huwalegeza miguu ya nyuma na kuwatia homa. Siagi ya karanga ya dukani isomwe kwanza. Ikiwa imetiwa zailitoli, ile sukari mbadala, usiilete nyumbani, maana hushusha sukari ya damu ya mbwa ndani ya saa moja na inaweza kuua ini.

Kiasi nacho kina maana yake. Vitafunwa visizidi sehemu moja ya kumi ya chakula cha siku. Kijiko kikubwa kimoja cha siagi ya karanga kina kilokalori 95 hivi, na kwa mbwa wa kilo kumi hiyo tayari imepita kikomo. Huyo jike mzee, kwa jinsi ulivyomweleza, mzigo wa mwili ndio adui wa viungo vyake. Siku unayomfundisha sana, mpunguzie ugali. Mpeleke pia akapimwe, kwa sababu kuburuta miguu kuna sababu zaidi ya moja, na asipewe dawa za maumivu za binadamu kwa hali yoyote.

Mshonaji, Tanga

Dada yangu, niseme kuhusu godoro. Mbwa mzee mwenye nyonga zinazouma hafai kulazwa kwenye sakafu ya saruji, hasa huko kwenu kwenye baridi ya Julai. Shona mfuko wa ndani wa kitambaa kigumu, uujaze mabaki ya sponji ya magodoro, ambayo mafundi huyauza kwa bei ndogo, kisha ushone foronya ya nje yenye zipu au vifungo ili uweze kuivua. Unene wake uwe wa kutosha kiasi kwamba ukikandamiza kwa goti hugusi chini. Sufi ni laini, lakini hushikana mabonge upesi chini ya mnyama mzito. Gunia la katani linafaa kutandikwa chini ya godoro ili lisiteleze anapojiinua. Wala usiliweke juu, kwa kuwa linakwaruza viwiko ambavyo tayari vimeota sugu.

Foronya ifuliwe kila wiki kwa maji ya moto na kuanikwa juani, kwa maana mayai ya viroboto huangukia pale mbwa anapolala. Usitie vidonge vya nafthalini kufukuza wadudu, ni sumu kwa mbwa, na atavilamba.

Muuliza swali, Arusha

Nawashukuru sana. Nimebakiwa na jambo moja: mifupa ya kuku iliyochemshwa mpaka ikalainika, je, nayo haifai?

Daktari wa mifugo, Morogoro

Iliyochemshwa kwa kawaida huvunjika kwa ncha kali na inaweza kutoboa utumbo, kwa hiyo iache kabisa. Ukitaka faida yake, chemsha mifupa ya ng'ombe bila chumvi wala kitunguu, uichuje, uiache supu ipoe mpaka mafuta yagande juu uyaondoe, kisha umwagie kidogo kwenye ugali wao. Supu hiyo hukaa siku tatu kwenye friji.