Naomba ushauri: darasa la tatu, 30 hawajui kusoma
Habari za jioni walimu wenzangu. Nina mwaka wa pili kazini, shule ya msingi huku Chamwino, Dodoma. Nimepewa darasa la tatu, watoto 94, wengi nyumbani ni Kigogo tu. Kama 30 hivi hawasomi hata silabi. Nimejaribu kuwabakiza baada ya vipindi, lakini njaa inawauma na wengine wanawahi kuchunga. Nikawakalisha na wanaojua, wakaishia kunakili (mwandiko mzuri kweli, ila mwambie asome, anakutazama tu). Mwakani wana upimaji wa darasa la nne.

Walimu wakongwe, nirudi kwenye silabi na darasa zima au niwatenge hao 30? Na muda mnaupata wapi?