Nahamishiwa Pakwach na nina buldogi. Joto la huko atalimudu?

Mwalimu wa Kabale

Habari za jioni ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Kabale, na barua ya uhamisho imeshafika: muhula ujao natakiwa niripoti Pakwach. Nina buldogi wa Kiingereza, dume wa miaka mitatu, kilo 27, jina lake Kifaru. Nilimpata Kampala kwa familia iliyokuwa inahama nchi, na tangu hapo hajajua hali nyingine ila baridi na ukungu wa huku milimani. Hata kwa baridi hii, tukipanda kilima kutoka barabarani hadi nyumbani anakoroma mpaka wapita njia wanageuka kumtazama.

Nyumba niliyotumiwa picha zake ni ya shule. Vyumba viwili, mabati juu, dari hakuna, na uani hakuna hata mti mmoja. Wenzangu wananishauri nimuuze, na yuko mmoja anayemtaka kwa ajili ya kumzalisha. Sitaki kumuuza. Nikisahihisha madaftari usiku analala juu ya miguu yangu, na watoto wa jirani wakitoka shule hupita kwanza kwake kabla ya kwenda kwao. Naomba anayejua aniambie ukweli: ataishi Pakwach? Na nimfikishe huko kwa njia gani?

Kijana wa Mbarara

Mwalimu, muuze. Pakwach chukua mbwa wa kienyeji, anavumilia jua na usiku anabweka. Buldogi hata mwizi akiingia anamkaribisha.

Mama Duka, Adjumani

Mwalimu, usimuuze kwa haraka. Mimi ni mama wa duka hapa Adjumani, na joto letu unalisikia. Ninaye buldogi jike, Sukari, amezeekea hapa hapa. Anaishi vizuri kwa sababu siku yangu nzima nimeipanga kufuata pumzi yake. Kama hauko tayari kuishi hivyo, basi kijana wa Mbarara yuko sahihi.

Elewa kwanza kinachowaua. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, anajipoza kwa kuhema. Sasa huyu wetu pua ni fupi, matundu ni membamba, na nyama laini ya nyuma ya kaakaa ni ndefu kuliko nafasi iliyopo. Akihema sana ile nyama inavimba, hewa inapungua, anahema zaidi. Ukichelewa hapo, umempoteza. Na kile kicheko cha watu wakisikia anavyokoroma, mimi hakinifurahishi hata kidogo. Ule ni mnyama anayepigania hewa.

Nyumba ianze na dari. Mafundi wa huku hutumia mikeka ya mafunjo, ni nafuu na inazuia moto wa mabati usishuke. Mchana Sukari analala bafuni kwenye saruji, dirisha wazi, na feni ya sola inampepea hata umeme ukikatika. Maji yake nayaweka kwenye chungu cha udongo. Tunatembea kabla jua halijachomoza, tunazunguka kidogo tu tunarudi, na jioni hatoki mpaka ardhi ipoe. Kuanzia Desemba hadi Machi, kiangazi kikiwaka, kuna siku ambazo hatembei kabisa. Shingoni usimfunge mkanda, mvalishe ule wa kifuani.

Nunua kipimajoto cha kupimia matakoni. Mbwa mzima yuko kati ya 38 na 39 na kidogo. Ikifika 40 baada ya jua, anza kumpoza. Ikifika 41 ni suala la dakika. Ukiona mate mazito, ulimi au fizi zinageuka zambarau, miguu inayumba, usikimbilie boda. Mpoze kwanza, usafiri baadaye. Mmwagie maji mwili mzima, hasa tumboni na mapajani, huku unampepea. Usimfunike taulo bichi ukamwacha nalo, joto linabaki chini yake. Maji ya kunywa mwekee, lakini usimmiminie mdomoni.

Na mto, mwalimu! Pakwach Nile iko mlangoni. Usidanganyike kwamba akioga mtoni atapoa. Kifua chake kizito na miguu mifupi, wengi wao huzama. Na mamba wamo.

Dada wa Kliniki ya Mifugo, Jinja

Mama Duka amesema yote ya joto, mimi naongeza ya kliniki. Kilo 27 ni nyingi, mwalimu. Dume wa aina hii anatakiwa awe karibu na 25, na kila kilo ya ziada inambana koo. Punguza posho (ugali), mwongezee mukene (dagaa) na mboga, na biskuti za watoto wa jirani zikome kwa upendo.

Kabla ya safari, ukipita Kampala mpeleke kliniki ya wanyama wadogo ya Makerere wamtazame pua. Kama matundu ni mstari tu badala ya duara, kuna upasuaji wa kuyapanua na kupunguza ile nyama ya kaakaa. Hatari iko kwenye usingizi wa dawa, kwa hiyo uliza kama watamwacha na mrija wa hewa kooni mpaka aamke kabisa. Daktari yeyote akilijibu vibaya swali hilo, ondoka.

Mikunjo ya uso na pale chini ya mkia, futa kwa kitambaa chenye unyevu kisha kausha. Kukausha ndiko watu wanakosahau, ndipo inaanza harufu na kidonda. Na kupe: kwenye joto la bonde watakuwa wengi kuliko Kabale. Akikataa kula, fizi nyeupe, mkojo wa rangi ya kahawa, mpeleke siku hiyo hiyo.

Huyo anayetaka kumzalisha mwambie kwamba majike wengi wa buldogi hujifungua kwa kupasuliwa. Kichwa cha mtoto ni kikubwa, nyonga ya mama ni nyembamba. Kama hana fedha za daktari anayeaminika, atazika mama na watoto.

Mwalimu wa Kabale

Asanteni sana, mama na dada. Nimemwandikia mkuu wa shule ya Pakwach kuhusu dari, amekubali ila gharama ni yangu. Sawa. Safari je? Basi la usiku litafaa?

Mama Duka, Adjumani

Basi hapana, watamweka kwenye buti la mizigo na humo atakufa. Kodi gari lenye kiyoyozi mgawane na mizigo yako. Kabale hadi Kampala ni kama kilomita 400, ziendeni usiku, mlale Kampala, aonwe Makerere, kisha muondoke tena usiku ili mvuke daraja la Karuma kukiwa bado giza. Mpe chakula kidogo tu saa kadhaa kabla, na maji kila mnaposimama. Kadi yake ya chanjo ya kichaa cha mbwa iwe mkononi, na umuulize ofisa mifugo wa wilaya kuhusu kibali kabla hamjaondoka. Ukifika Pakwach niandikie. Nina fundi wa mikeka hapo, nitakupa namba yake faraghani.