Naomba ushauri: ultrasaundi ya 3D nifanye sasa au nisubiri?

Ndugu wanachama, salaam. Nina ujauzito wa wiki 22. Katika kipimo cha kawaida cha ultrasaundi daktari alitilia shaka mdomo wa juu wa mtoto, akasema huenda una mpasuko mdogo upande wa kushoto, ila picha haikuwa wazi kwa sababu mtoto alikuwa amejiziba uso kwa mkono, na kondo la nyuma limekaa upande wa mbele. Nilitembea kidogo, nikalala ubavu, tukarudia, mkono haukuondoka.

Sasa ameshauri nifanye ultrasaundi ya 3D. Ninaelewa kwamba inatumia mawimbi ya sauti yale yale, si mionzi, na kwamba mashine huunganisha picha nyingi bapa kuwa sura moja yenye kina, hivyo usalama wake haunitii hofu. Kinachonikwamisha ni wakati. Wengi husema uso huonekana vizuri zaidi kati ya wiki ya 26 na ya 30, mtoto akiwa ameanza kujaa mashavu na maji yanayomzunguka yakiwa bado ya kutosha, lakini kukaa muda wote huo bila jibu ni kuzito mno kwangu.

Kwa mliopitia hali hii, na wataalamu mlio miongoni mwetu: je, nifanye sasa au nisubiri? Na je, kipimo hiki kinaweza kuonyesha kama kaakaa (sehemu ya juu ndani ya kinywa) nalo limepasuka, au mdomo tu? Nauliza kwa kuwa mpasuko wa kaakaa humfanya mtoto ashindwe kunyonya vizuri, nami ningependa kujiandaa mapema.